Samba ikigoma nyumbani usikimbilie smb.conf, anza na diski

Wadau, kama una kiseva kidogo cha Linux nyumbani na mnashea mafaili kwa Samba (programu inayoiwezesha Linux kushea folda na kompyuta nyingine, hata za Windows), naomba usome hii kabla umeme haujakatika tena kwako. Mimi natumia laptopu ya zamani yenye Ubuntu, imechomekwa diski ya nje (eksteno) ya 2TB, zile kubwa zenye adapta yake ya umeme, na humo ndimo zilimo picha za familia yote, vyeti vilivyoskaniwa, video za harusi, kila kitu.

Siku moja mdogo wangu akaja sebuleni na kompyuta yake mkononi, ananiambia kaka mbona folda ya picha haina kitu? Moyo ulinipasuka. Nikafungua smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, palepale nikaanza kuongeza mistari, nawasha upya smbd (huduma ya Samba yenyewe), naongeza tena, mwisho nikapiga chmod 777 (amri ya kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika) kwenye folda nzima, saa mbili zimepita na hakuna kilichobadilika. Na Samba haikuwa na shida yoyote jamani, ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Ilikuwa hivi. Jioni yake umeme ulikatika. Laptopu ina betri kwa hiyo haikuzima, ila eksteno ilizima. Umeme uliporudi diski ikajitambulisha kwa jina la sdc, wakati mimi kwenye fstab (faili linaloiambia Linux diski ipi iunganishwe na folda ipi) nilikuwa nimeandika /dev/sdb1. Basi ile folda /srv/picha ikabaki folda tupu tu ya kwenye laptopu yenyewe, na Samba ikaendelea kuishea kama kawaida. Kibaya zaidi, kabla ya kuja kwangu mdogo wangu alikuwa ameshaanza kurusha video za sendofu, zote zikawa zinaingia kwenye diski ndogo ya laptopu mpaka ikajaa, df -h inaonyesha asilimia 100.

Kwa hiyo sasa hivi kitu cha kwanza kabisa ninachopiga ni findmnt /srv/picha. Isipojibu kitu, diski haijamauntiwa, yaani haijaunganishwa na folda hiyo, achana na Samba kwanza. Piga lsblk -f uchukue UUID ya diski (namba yake ya utambulisho), hiyo haibadiliki hata diski ikiitwa sdz, uiweke kwenye fstab badala ya sdb1 na uongeze nofail ili seva iwake hata siku diski haipo. Lakini tafadhali, kabla hujamaunti, simamisha Samba na uhamishe kwanza mafaili yaliyoingia kwenye ile folda tupu, maana ukimaunti juu yake yanafunikwa, hayafutiki ila huyaoni tena na nafasi yanaendelea kula. Folda ikishabaki tupu na diski bado haijamauntiwa, piga sudo chattr +i /srv/picha. Hapo hakuna mtu anayeweza kuandika kitu humo mpaka diski halisi ije juu yake. Natamani mtu angeniambia hili mwanzoni.

Diski ikiwa sawa ndiyo unakuja kwenye Samba, na unajaribu ukiwa kwenye seva yenyewe, siyo kwenye simu au Windows. testparm inakuambia kama smb.conf ina kosa, halafu smbclient -L localhost -U na jina lako. Ikikataa pasiwedi, kumbuka Samba ina pasiwedi zake, siyo ile unayoingilia Linux, unaiweka kwa smbpasswd -a. Ikikubali kuingia ila folda haifunguki, namei -l /srv/picha itakuonyesha ruhusa za kila ngazi ya njia hiyo, maana folda moja tu ya juu ikiwa imefungwa basi huko chini hufiki. Kuanzia Ubuntu 21.04 folda za home zinatengenezwa na ruhusa 750, yuza mwingine hapiti, ndiyo maana mimi vya kushea naviweka /srv. Na kama eksteno yako imefomatiwa kwa exFAT, ambayo haitunzi ruhusa za Linux, chmod haitakusaidia, pale unaweka uid na umask kwenye fstab.

Kwenye seva ikikubali na Windows ikagoma, andika moja kwa moja \\192.168.1.20\picha (weka namba ya IP ya kwako), usitegemee ionekane yenyewe kwenye Network. Windows pia hung'ang'ania pasiwedi ya zamani, net use * /delete imenisaidia mara nyingi. Kwenye ruta uipe seva IP ya kudumu. Faiwoli ya Ubuntu ni sudo ufw allow samba, basi.

Kuna TV na skana za zamani zinazotaka SMB1 (toleo la kizamani la njia ya kushea mafaili inayotumiwa na Samba na Windows), ambayo Samba iliizima toka toleo la 4.11 mwaka 2019, na utaambiwa uirudishe. Usiirudishe. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kwa kupitia tundu la SMB1 kwenye Windows. TV iwekee minidlna (programu ya kurushia TV video na picha), inatosha kabisa. Na poti 445, mlango unaotumiwa na Samba, usiifungue kwenye ruta hata siku moja, ukitaka mafaili ukiwa safarini tumia WireGuard (VPN).

Ile 777 nimeshaiondoa, ilikuwa inampa kila mtu uwezo wa kufuta picha za mama. Eksteno na ruta nimezihamishia kwenye UPS ndogo, na umeme ukirudi napiga findmnt kabla hata sijakaa.