Misimu miwili ya faida ilivyonipofusha

Msimu wa kwanza nilinunua magunia 20 ya mahindi pale soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mwezi Juni, nikayauza Januari bei ilipopanda. Msimu wa pili, magunia 60, faida tena. Msimu wa tatu nikakopa, nikajaza stoo magunia 300.

Kuna mzee alianza biashara ya nafaka kabla sijazaliwa. Akaniambia, "Mwanangu, uza nusu Oktoba, nusu ingoje." Nikamjibu, "Usijali mzee, hesabu zangu ziko sawa." Dalali aliyeniambia bei itapaa nilimnunulia soda. Ushauri wote wawili niliusikia siku moja, ila mmoja tu ndio ulioniingia.

Mwaka ule mahindi ya mikoa ya kusini yalikuwa mengi, bei haikunyanyuka. Nami nikazidi kungoja. Dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, wakaingia stoo, maana hata dawa niliweka kiduchu nikijua nitauza mapema. Mkopo nimeulipa kwa miaka miwili, na pikipiki ikaenda humo humo.

Mtu asiyejua kitu huogopa, na woga humfanya aulize. Mimi nilikuwa najua kidogo na nimefaulu mara mbili, basi nikaacha kuuliza. Kujiamini kupita kiasi, kwa nilivyokuona, ndiko huko.

Na si mimi wa kwanza katika wilaya hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga hapa hapa Kongwa, mpango mzima ukilenga zaidi ya ekari milioni 3. Mibuyu ikawasumbua kuing'oa, udongo ukikauka unakuwa kama saruji, na mvua zetu mnazijua, haziaminiki. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zimekwenda. Wao walikuwa wametoka kushinda vita kuu. Mimi misimu miwili.

Siku hizi kabla sijatoa hela nachukua daftari, naandika mambo matatu yanayoweza kuniharibia. Nikikosa hata moja la kuandika, sinunui, kwa sababu najua kichwa kimeshavimba. Kisha namtafuta aliyewahi kula hasara katika biashara hiyo hiyo. Aliyepata faida simulizi yake ni tamu lakini fupi.

Mwaka huu nina magunia 40, nusu nimeshauza. Juzi nilimuuliza yule mzee hii nusu nyingine niitoe lini. Akacheka, akasema hata yeye hajui.