Maji ya jabia, dawa ya meno na kosa nililolifanya

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipoanza kutafunia upande mmoja. Nilidhani ni mchezo, mpaka usiku mmoja akaamka analia kashika shavu. Nikawasha tochi ya simu, nikamwambia apanue kinywa. Gego la chini lilikuwa na shimo jeusi, na la jirani yake limeshafanya doa jeupe kama chaki karibu na ufizi.

Na mswaki alikuwa anapiga kila siku, mimi mwenyewe nikimsimamia. Daktari wa meno aliniuliza mambo mawili tu: mnakunywa maji gani, na dawa yenu ya meno ni ipi?

Maji yetu ni ya jabia, birika la kuhifadhia maji ya mvua, kama walivyokunywa wazee wetu hapa Lamu. Matamu, hayana chumvi ya kisima. Lakini floraidi, madini yanayolinda meno, maji huiokota ardhini, kwenye miamba, na maji ya mvua hayajapita huko. Karibu hayana kabisa. Dawa ya meno nayo nilikuwa nachagua kwa makusudi ile iliyoandikwa haina floraidi.

Nilikuwa na sababu. Dada yangu ameolewa Njoro, upande wa Nakuru, na wanawe wana meno ya kahawia. Kule visima vingi hutoa floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisizidi. Mtoto akiyanywa maji hayo meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, huota na madoa yasiyosugulika. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki. Basi nikaiogopa floraidi yote, nikasahau kwamba shida ya Njoro siyo ya Lamu. Kuna miji ambayo huitia kidogo kwenye maji ya mfereji ili kulinda meno. Grand Rapids, Marekani, walianza mwaka 1945. Jabia letu hakuna anayelitia kitu.

Kila mtoto anapokula kaimati, halua au mabuyu ya rangi, vijidudu vya mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hula madini ya jino. Mate huyarudisha polepole. Floraidi huyasaidia yashike, tena yashike kwa ugumu zaidi. Lile doa la chaki lilikuwa bado linaweza kurudi, shimo halirudi. Gego lilizibwa, doa tukaliwahi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu unayekunywa maji ya mvua, soma pakiti ya dawa ya meno kabla hujalipa, uhakikishe ina floraidi. Mtoto chini ya miaka mitatu mpakie dawa kiasi cha punje ya mchele. Mkubwa kidogo, kiasi cha punje ya njegere, naye asiimeze. Mswaki wa mti ni sunna na unasugua vizuri, ila usiufanye badala ya dawa. Akimaliza ateme tu, asisukutue kwa maji. Hili mama yangu lilimshinda kabisa kulikubali, kwamba mtoto alale na dawa mdomoni! Lakini ile inayobaki ndiyo inayofanya kazi.

Mwezi wa Ramadhani sisi hupiga mswaki wa dawa baada ya tarawehe, kabla ya kulala, na tena mara tu baada ya daku. Hapo ndipo binti yangu husukutua, kwa sababu anafunga.