Kipima unyevu kinasoma 41, nyanya zinanyauka

SWALI: Nalima nyanya kwa umwagiliaji wa matone katika udongo mweusi wa mbuga. Kipima unyevu changu kinaonyesha asilimia 41, lakini miche inanyauka tangu asubuhi. Nikipitisha mbolea kwenye mipira, namba hupanda kuliko nikipitisha maji matupu kwa muda uleule. Muuzaji anasema nichague "udongo mzito" kwenye kifaa. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu msomaji, na ushauri huo nimechoka kuusikia. Kifaa chako hakipimi maji. Kinapima jinsi udongo unavyoitikia umeme, kisha kinakisia maji. Ukisio huo unawezekana kwa kuwa kigezo cha daielektriki (namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyoitikia umeme) cha maji ni takriban 80, ilhali cha udongo mkavu ni kati ya 3 na 5 na cha hewa ni 1. Mlinganyo wa watafiti Topp na wenzake wa mwaka 1980, unaogeuza kigezo hicho kuwa unyevu na unaotumika sana hadi leo, hufanya kazi vizuri katika udongo wa kawaida wa madini, lakini udongo mzito wa mfinyanzi kama wako na chumvi huupotosha, hasa katika vifaa vya bei nafuu vinavyotumia mawimbi ya umeme ya masafa ya chini. Mbolea iliyoyeyuka ni chumvi. Ndiyo iliyopandisha namba yako.

Hata namba ingekuwa sahihi, mfinyanzi hushikilia maji mengi ambayo mizizi haiwezi kuyanyonya, na chumvi ikizidi hali huwa mbaya zaidi.

Ili kujua unyevu halisi, chukua silinda ya chuma ya sentimita za ujazo 100, ipigilie taratibu pale ulipopimia, pima uzito wa udongo wake, uukaushe katika oveni ya maabara kwa nyuzi 105 kwa saa 24, kisha upime tena. Zikipotea gramu 31, maji yalikuwa sentimita za ujazo 31 kati ya 100, yaani unyevu ni asilimia 31, hata kifaa kiseme 41. Rudia shamba likiwa limelowa na likiwa limekauka ili usahihishe namba za kifaa chako, lakini uepuke nyufa, kwani hewa iliyomo hushusha namba.

Vibaya zaidi ni vile vipima unyevu vya vijiti viwili visivyo na betri vinavyouzwa kama mkombozi wa mkulima. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji achomeke kimoja kwenye kikombe cha maji ya mvua, kisha akoroge humo kijiko cha chumvi: mshale utaruka, na maji ni yaleyale.