Ukubwa wa Simba barani Afrika umejengwa nyumbani

Ndugu uliyeuliza kwa nini Simba inaheshimiwa barani Afrika ilhali haijawahi kutwaa kombe la bara, nakujibu kama mwanachama ambaye ameifuata timu hii kwa miaka mingi.

Klabu hii ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1936 na watu waliojitenga na Yanga. Iliitwa Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland, hadi ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mwaka 1979, baada ya kufungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers, ilikwenda Zambia ikashinda 5-0, na wazee wa Msimbazi, mtaa yaliko makao ya klabu, wanaisimulia mechi hiyo hadi leo. Mwaka 2003, Juma Kaseja akiwa langoni, iliwavua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo.

Hata hivyo, heshima ya sasa ilianza msimu wa 2018/19. Katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika tulifungwa 5-0 Kinshasa, 5-0 Misri na 2-0 Algeria, yaani mabao 12 ugenini bila kufunga hata moja, lakini tulivuka kwenda robo fainali kwa sababu mechi zote 3 za nyumbani tulishinda. Ya mwisho, dhidi ya AS Vita ya Kinshasa, niliitazama nikiwa uwanjani, kwenye viti vya mzunguko. Wageni walitangulia, Mohamed Hussein akasawazisha, na kwa kuwa sare ingetutoa mashindanoni, kipindi cha pili kilipoelekea ukingoni hakuna aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake. Kila Vita walipogusa mpira, zomeazomea ilifunika hata filimbi ya mwamuzi. Dakika za mwisho kabisa Clatous Chama akafunga la pili. Tangu hapo, hata vigogo wa Afrika Kaskazini huja Dar es Salaam kwa tahadhari kubwa.

Nguvu hiyo ya nyumbani, kwa maoni yangu, ndiyo pia inayoonyesha upungufu wetu wa ugenini. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2025 tuliruhusu mabao 2 ya mapema kule Berkane, Morocco, na sare ya 1-1 ya marudiano Zanzibar haikuweza kuyafuta. Wengi wanailaumu mechi ya Zanzibar; mimi naamini kombe lile lilipotelea Morocco.