Jibu: Sabuni ya maji imelegea baada ya kuongeza chumvi

Dada wa Jambiani, chumvi imezidi. Chembe za slesi (SLES, ile malighafi ya sabuni inayotoa povu) hujikusanya mafungu madogo ndani ya maji. Chumvi kiasi huyarefusha yakasokotana kama nyuzi za usumba, ndiyo sabuni ikashika. Ukipitisha, msokotano unalegea, inarudi kuwa maji. Na umesema unatumia kisima chenye maji ya munyu, basi ulishaanza na chumvi bila kupima!

Chumvi haitoki tena. Tengeneza slesi nyengine kwa maji ya mvua, bila chumvi, uimimine kidogo kidogo ndani ya hiyo sabuni iliyolegea mpaka ishike. Siku nyengine yeyusha chumvi kwanza. Anza gramu 10 kwa lita ya sabuni, kisha ongeza gramu 2 kila mara, ukijaribia kikombeni. Povu litulie kwanza, maana linadanganya macho.