Kujitolea ugenini: niliondoka Sikonge, na kilichoniondoa si shida

Mdogo wangu uliyeandika kutoka Kasulu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umetoka Eldoret, una miezi mitano kwenye kituo cha vijana, kompyuta ulizokuja kufundishia zimefungiwa stoo, msimamizi wako hapatikani, na kila mwisho wa mwezi unaletewa karatasi ya mahudhurio ya vijana 30 uisaini. Umebakiza miezi saba. Unauliza kama kuondoka sasa ni uoga.

Mimi ni Mkenya mwenzako, wa Kitui. Januari 2018 nilikwenda kujitolea Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, kwenye mradi wa ufugaji nyuki. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, nami nikaondoka mwezi wa tisa. Kwa hiyo hili silijui kwa kusimuliwa.

Wengine hapa wamekuambia uvumilie, wengine wamekuambia ufungashe kesho. Mimi naona kwanza utenganishe maumivu yako na ugonjwa wa kazi yenyewe, maana mtu akiwa ugenini hivi viwili huchanganyika mpaka asijue ni kipi kinamlaza macho.

Mara ya kwanza kutaka kuondoka ilikuwa Machi. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuishia Aprili, na mwezi ule barabara za vijijini zilikuwa tope tupu. Nilikuwa nimeugua malaria. Hata Kiswahili changu kilinisumbua. Nilikuwa naingia mgahawani nasema "nipe chai" kama tunavyosema kwetu, watu wananigeukia kama nimekuja kugombana. Hapo mtu husema "naomba". Mama mwenye nyumba, tulikuwa tukimwita Mama Kulwa, ndiye aliyenirekebisha, akanifundisha na "mwangaluka", salamu ya kwao ya asubuhi. Siku niliyomwambia nataka kurudi kwetu alinisogezea bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akasema, "Mwanangu, mwenye homa hapangi safari. Pona kwanza." Nilipona, mvua ikakatika, na ile hamu ya kuondoka ikaisha yenyewe. Kama ningeondoka Machi ningekuwa nimeikimbia malaria na tope, basi.

Kwa hiyo kama kinachokukera Kasulu ni upweke, chakula, au watu kuchukua siku tatu kwa jambo ulilozoea kulimaliza kwa saa moja, subiri. Hayo hupungua.

Mwezi wa sita nilimwomba mzee mmoja wa kikundi anichukue kambini. Warina asali niliofanya nao kazi kule hawafugi nyuma ya nyumba. Wanaingia msituni kwa baiskeli, wanapiga kambi, wanakaa huko siku nyingi. Mzee akanionyesha mzinga wa gome unavyotengenezwa. Anachagua mti, anakata gome kuzunguka shina juu na chini, anapasua kwa urefu, analibandua zima kama unavyomvua mtoto shati. Kisha analikunja tena duara, analibana kwa vijiti, anaziba ncha mbili kwa majani yaliyosukwa. Mzinga umepatikana palepale utakapotundikwa. Lakini mti ule unakufa, kwa sababu ukishavuliwa gome shina zima chakula hakishuki tena mizizini. Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Alinionyesha miti mikavu akaniambia ile ni mizinga ya baba yake.

Ndiyo maana mradi ulileta mizinga ya masanduku, na kwa hilo haukukosea. Ila sanduku la mbao ni zito. Mzee alipiga kofi kwenye keria ya baiskeli, ambayo tayari ilikuwa na unga, sufuria, ndoo na blanketi, akaniuliza, "Mwalimu, hapa nifunge mangapi?" Sikuwa na jibu. Niliporudi ofisini niliandika pendekezo kwamba tukodi lori safari moja kabla ya mvua, tuifikishe mizinga karibu na kambi. Nikajibiwa kwamba bajeti imeshapita. Nikaandika tena. Mara ya tatu sikujibiwa kabisa.

Hapo bado sikuondoka, na nakuomba usiruke hatua hii. Kukataliwa wazo ni jambo la kawaida kazini, hata kwenu Eldoret lingekukuta.

Kilichonitoa kilikuja mwezi wa nane. Niliitwa nisaini ripoti ya wafadhili. Ilisema mizinga 64 imegawiwa kwa vikundi na 40 kati yake imeshaingia nyuki. Nilichukua ufunguo nikaenda stoo. Mizinga ilikuwa imepangwa mpaka kwenye dari, yote 64, vumbi juu yake. Dirisha moja lilikuwa limevunjika kioo, na kundi la nyuki lilikuwa limepitia hapo likaingia kwenye sanduku la pembeni, likaanza kujenga masega. Mlinzi akaniambia amepewa hela ya dawa, jioni anawapulizia. Nilisimama pale mlangoni nikiwasikiliza wakivuma. Mzinga mmoja tu wa mradi mzima ulikuwa umefanya kazi yake, nao ulikuwa unaenda kuuawa ili stoo ibaki safi.

Nilikataa kusaini. Na usiku ule nikawaza jambo ambalo miezi yote sikuwa nimeliwaza: kukaa kwangu pale kulikuwa kunamfaa nani? Tabora ina chuo chake cha ufugaji nyuki. Ofisini kwetu alikuwepo kijana wa hapohapo Sikonge aliyesomea chuo hicho, anawajua wazee wa kambi kwa majina, na alikuwa anatumwa kununua vocha na maji. Kwenye ripoti, nafasi ya mtaalamu ilikuwa imeandikwa jina langu. Mimi niliyetoka Kitui ndiye niliyekuwa nimemzibia. Wafadhili wakiuliza, wanaambiwa mtaalamu kutoka nje yupo, na wanaridhika.

Kwangu mstari ulikuwa huo. Njaa na upweke unaweza kuvibeba, hata bosi mkali utambeba. Lakini ukiona jina lako limegeuka pazia la kufunikia kazi isiyofanyika, au kiti ulichokalia ni cha mwenyeji anayekiweza, kila mwezi unaoongeza ni hasara kwa watu uliokuja kuwasaidia. Hapo kuvumilia si wema tena.

Nilisema na msimamizi ana kwa ana, nikampa barua yenye mambo mawili tu, stoo na ripoti, nikatoa notisi ya siku 30. Siku hizo sikuzilalia. Kulikuwa na kikundi cha akina mama nilichokuwa nimekiahidi mafunzo ya kuchuja nta. Nikayamaliza. Daftari langu la vikundi, lenye majina na idadi ya mizinga yao halisi, nikamkabidhi yule kijana mbele ya mwenyekiti. Kisha nikapita kikundi kwa kikundi kuaga, kwa sababu mgeni akitoweka kimyakimya watu hubaki wakijiuliza wamemkosea nini. Ilikuwa ngumu. Kuna mama alilia, nami nikalia.

Kuhusu aibu: hata Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, waliotuma watu wao Tanganyika tangu 1961 na ambao muda wao wa kawaida ni miezi 27, wana utaratibu rasmi wa mtu kumaliza kabla ya wakati. Waliokaa muda mrefu kwenye shughuli hii wanajua kwamba nafasi nyingine hazishiki.

Na angalia karatasi zako. Kibali changu kilikuwa cha ukaazi daraja C, na kilitolewa kwa ajili ya taasisi ile. Ukiacha kazi usianze tu kujitolea kwa jirani ukadhani kibali kinakufuata. Pita ofisi ya uhamiaji uwaambie, ndipo upande basi.

Wewe bado hujafika kwenye barua. Msimamizi wako hajaulizwa swali la wazi hata mara moja, kwa jinsi ulivyoeleza. Mwandikie, usimpigie. Omba ufunguo wa stoo na tarehe ya kuanza darasa, hata kwa vijana watano. Waulize pia vijana wenyewe kama kuna mwenzao anayeweza kufundisha, utashangaa. Ila karatasi ya mwezi huu usiisaini. Omba kwanza uonyeshwe hao 30 ni akina nani, kisha urudi hapa utuambie wamekujibu nini.