Panchi ya kabaidi iliyokatika shingoni

SWALI: Karakana yetu hutoboa mabati ya viini vya mota, yaani feleji yenye silikoni ya unene wa milimita 0.5. Kwa kuwa panchi zetu (vyuma vya kutobolea) za feleji zilikuwa zikiisha makali upesi, tulishauriwa kununua za kabaidi ya tangsteni. Ya kwanza, yenye kipenyo cha milimita 3, imekatika shingoni ingali na makali yake yote. Je, tuliuziwa bidhaa hafifu? (Msomaji, Thika)

JIBU: Huenda, ila ningeikagua mashine kabla ya kumlaumu muuzaji. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya, kwani bati lenye silikoni husaga makali ya feleji, na kazi ya namna hiyo ndiyo hasa inayoifaa kabaidi. Hata hivyo, kabaidi ni unga wa chembe ngumu mno zilizoshikanishwa kwa metali iitwayo kobalti katika joto kali, na ingawa huhimili mgandamizo mkubwa ajabu, haivumilii kupindwa wala kuvutwa. Feleji hupinda kidogo ikarudi. Kabaidi, ambayo ukakamavu wake ni takriban mara tatu ya ule wa feleji, huvunjika.

Kwa bati lenu, mwanya kati ya panchi na dai (kitako chenye tundu ambamo panchi huingia) kila upande huwa kama asilimia 5 hadi 8 ya unene, yaani maikroni (elfu za milimita) 25 hadi 40 tu. Nguzo za kuongozea dai zikilegea kwa kiasi hicho, panchi husukumwa upande mmoja kila inaposhuka, na feleji yenu ya zamani ilikuwa ikiustahimili ulegevu huo bila ninyi kujua.

Kukatika shingoni kunanifanya nishuku zaidi ule wakati wa kupanda, ambapo bati huing'ang'ania panchi na kuivuta. Hakikisheni kwamba bamba la kubandulia bati linaiongoza panchi karibu na ncha yake, kwamba shingo imeviringwa badala ya kuwa na kona kali, na kwamba mistari ya kunolea inafuata urefu wa panchi, kwa sababu mstari unaoizunguka ni mwanzo wa ufa. Panchi isizame ndani ya dai kuliko inavyohitajika.

Muulizeni muuzaji kiwango cha kobalti. Cha asilimia 6 hufaa zaidi zana za kukereza. Kwa panchi nyembamba inayopigwa mfululizo ningetaka 12 hadi 15, au zaidi, ili isivunjike upesi, hata kama makali yatakwisha mapema kidogo.

Mkinoa, tumieni jiwe la almasi na maji ya kupoozea, maana jiwe la kawaida hutia joto linalozaa nyufa zisizoonekana, na vumbi kavu la kabaidi yenye kobalti hudhuru mapafu ya fundi.